Gari la kujiundia limekataliwa kwenye kipimo cha moshi: pa kuanzia

Mkaguzi amechomeka mrija kwenye ekzosi, mashine imenguruma dakika chache, karatasi imetoka na neno FAIL. Gari lenyewe umeliunda kwa mikono yako, Jumamosi na jioni kwa miaka mitatu: chesisi ya mabomba, bodi la faiba, injini ya Ford Zetec iliyotolewa kwenye Mondeo iliyogongwa nyuma. Hapo ndipo wengi hushika bisibisi. Leo wanakaza skrubu ya kabureta, kesho wananunua katalisti (kifaa cha ekzosi kinachosafisha moshi) nyingine, keshokutwa sensa, na gari linarudi kwenye kipimo likiwa baya kuliko mwanzo.

Ninaandika kuhusu Uingereza, kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi hii na ndiko kanuni hizi zinakowabana ndugu zetu walioingia kwenye magari ya kujiundia. Mila yenyewe ni ya siku nyingi. Lotus Seven, gari dogo la michezo, ilianza kuuzwa mwaka 1957, na wengi waliichukua vipande vipande kwa kuwa gari lisilounganishwa liliepuka kodi ya manunuzi ya wakati ule. Caterham walichukua haki za gari hilo mwaka 1973, na umbo lake limeigwa na watengenezaji wengi tangu hapo. Chesisi hizo zimebeba injini za kila aina: Ford Kent, Ford Pinto, Rover K-Series, Vauxhall, Toyota, hata injini za pikipiki. Injini ikibadilika, kipimo cha moshi kinaweza kubadilika nayo.

Tafadhali tenganisha mambo mawili kichwani kabla hujagusa chochote. Mashine inapima kinachotoka bombani. Sheria inauliza gari na injini ni vya lini, kisha ndiyo inaamua mashine itumie kipimo kipi. Gari safi linaweza kukataliwa kwa sababu ya karatasi, na hakuna spana inayotibu karatasi.

KABLA YA SPANA: UNAPIMWA KWA KIPIMO CHA MWAKA GANI?

Gari la kujiundia hukutana na ukaguzi wa aina mbili. Wa kwanza ni IVA, unaofanywa mara moja kabla gari halijasajiliwa. Ulichukua nafasi ya ukaguzi wa zamani ulioitwa SVA mwaka 2009. Wa pili ni MOT, ule wa kila mwaka. Katika IVA, gari lililoundwa na mtu binafsi kwa matumizi yake hupimwa moshi kwa kufuata umri wa injini, mradi umri huo uwe na ushahidi.

Ngazi za MOT kwa injini za petroli ni hizi. Gari lililoanza kutumika kabla ya 1 Agosti 1975 hutazamwa moshi kwa macho tu. Kuanzia tarehe hiyo hadi 31 Julai 1986, kaboni monoksidi (CO) isizidi asilimia 4.5 na petroli isiyoungua (HC) isizidi 1200 ppm, yaani sehemu 1200 kwa kila milioni. Kuanzia 1 Agosti 1986 hadi 31 Julai 1992, CO inashuka hadi asilimia 3.5, HC ni ile ile 1200. Kati ya Agosti 1992 na Julai 1995 ndipo penye ubishi mwingi, kwa sababu inategemea kama modeli hiyo imo kwenye orodha ya takwimu ya mkaguzi. Kuanzia 1 Agosti 1995 gari la abiria linapimwa kwa kipimo cha katalisti, na hapo pengo ni kubwa: injini ikizungushwa kati ya mizunguko 2500 na 3000 kwa dakika, CO isizidi asilimia 0.2, HC isizidi 200 ppm, na lambda, yaani uwiano wa hewa na mafuta, iwe kati ya 0.97 na 1.03. Injini ikiachwa itulie, CO isizidi asilimia 0.3. Gari likishindwa hapo, mkaguzi anaweza kuhamia kwenye viwango maalumu vya modeli husika.

Tazama tofauti hiyo tena. Injini ya mwaka 1991 inaruhusiwa CO ya asilimia 3.5, ya mwaka 1996 inaruhusiwa asilimia 0.2. Ford Zetec mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kutenganishwa na tarehe tu, moja ikadaiwa katalisti na nyingine isidaiwe. Ndiyo maana nasema anza na karatasi.

Dalili: injini ni ya zamani, lakini mkaguzi anakupima kama gari jipya.
Chanzo karibu kila mara ni ushahidi wa umri. Katika IVA, usipothibitisha injini ilitengenezwa lini, unapimwa kwa viwango vya sasa. Maneno ya muuzaji hayatoshi, na wala risiti iliyoandikwa "injini ya 1989" kwa kalamu haitoshi. Safisha namba ya injini mpaka isomeke. Namba hupigwa ubavuni mwa bloku, na kwenye gari la kujiundia mara nyingi imejificha nyuma ya mabano ya alteneta au imefunikwa na rangi uliyopaka mwenyewe ili injini ipendeze. Ipige picha ikiwa bado nje ya gari. Kisha tafuta barua ya mtengenezaji inayotaja tarehe ya namba hiyo, au hati ya usajili V5C ya gari ilikotoka, yenye namba hiyo hiyo. Ukinunua injini chakavu, dai nakala ya hati hiyo kabla hujatoa hela. Mwezi mmoja baadaye gari hilo limeshakuwa vyuma vya kuyeyushwa na hati haipatikani tena.

Dalili: gari lilipita miaka yote, umebadili injini, sasa linafeli.
Kanuni ya kawaida ya MOT ni hii: gari lililoanza kutumika kabla ya 1 Septemba 2002 likiwekewa injini nyingine, linapimwa kwa kufuata kilicho kizee zaidi, gari au injini. Kwa hiyo gari la 1990 lenye injini ya 1999 linapimwa kama la 1990. Lakini gari lililoanza kutumika tarehe hiyo au baadaye linapimwa kwa umri wa gari, hata ukiliwekea injini ya babu yako. Magari ya kujiundia yana nyongeza yake: yale yaliyoanza kutumika tangu 1 Agosti 1998, mkaguzi hutazama kilichoandikwa kuhusu moshi kwenye V5C. Soma hati yako leo, usisubiri siku ya kipimo. Na ukishabadili injini ni wajibu wako kuwaarifu DVLA, ofisi ya usajili wa magari, namba mpya na ujazo wake. Nimeona gari likipimwa kwa kipimo kisicho chake kwa sababu hati ilikuwa bado inaitaja injini iliyouzwa miaka minne nyuma.

Gari lenye namba ya Q, yaani lile ambalo umri wake haukuthibitika, katika MOT huhesabiwa kana kwamba lilianza kutumika 1 Januari 1971. Wengine huitafuta namba hiyo kwa makusudi ili wakwepe mashine. Siwashauri. Bei ya kuliuza gari inashuka, bima zinakuuliza maswali, na IVA bado utaipitia.

SOMA KARATASI YOTE

Baada ya karatasi za umri, sasa chukua karatasi ya mashine. Watu husoma mstari mmoja, ule uliofeli. Soma yote kwa pamoja. CO ni petroli iliyoungua nusu, ikipanda maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. HC ni petroli ambayo haikuungua kabisa. Oksijeni (O2) ni hewa iliyopita bila kazi. Kaboni dioksidi ni dalili ya mwako mzuri. Injini yenye afya hutoa karibu asilimia 14 au 15. Lambda haipimwi, inakokotolewa kutokana na gesi hizo: 1.00 ni uwiano kamili, chini yake mafuta yamezidi, juu yake hewa imezidi. Omba mkaguzi akuchapie na oksijeni hata kama sheria haimdai. Wengi hukubali ukiomba kwa adabu.

LAMBDA IMEPANDA, VINGINE VYOTE SAFI

CO 0.08, HC 64, lambda 1.06, oksijeni 1.3. Karatasi kama hii huwachanganya watu kwa sababu moshi ni msafi. Injini haina kosa. Hewa inaingia kwenye ekzosi katikati ya njia, mashine inaiona oksijeni hiyo na kudhani imetoka kwenye silinda.

Magari ya kujiundia yana ugonjwa huu kuliko magari ya kiwandani, na sababu iko wazi ukilala chini yake. Ekzosi ya kiwandani ni bomba refu lililochomelewa kwa mashine. Yetu ni mabomba manne yanayotoka kwenye silinda hedi, yanatoboka nje ya bodi, yanaingia kwenye kikusanyio kwa kuchomekwa tu na kushikwa na springi, halafu katalisti imefungwa kwa klampu ubavuni, karibu na kiwiko cha dereva. Kila pale bomba linapochomekwa ni mlango wa hewa. Moshi hautoki mfululizo, unatoka kwa mapigo, na baada ya kila pigo shinikizo linashuka na tundu linavuta hewa ndani. Ndiyo maana unaweza usione moshi ukitoka, na bado hewa ikaingia.

Jinsi ya kulipata tundu: injini ikiwa ya baridi, iwashe, mwenzako azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene, mkono ukiwa na glavu. Injini ikianza kulemewa, sikiliza. Utasikia "chh, chh, chh" pale penye tundu. Pitisha kiganja karibu na maungio bila kugusa, ubaridi wa pumzi utausikia kwenye ngozi kabla sikio halijausikia. Fanya haraka, bomba likishapata moto nafasi hiyo imekwisha, na fanyia kazi hii nje, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa. CO haina harufu na inaua.

Gari moja la kijana wa jirani lilinisumbua wiki mbili. Maungio yote yalikuwa makavu, lambda imegoma kwenye 1.05. Nikaja kugundua kwamba kitako cha sensa, ile nati iliyochomelewa kwenye bomba, kilikuwa na ufa kwenye mchomeleo, mwembamba kama unywele, ukijificha upande wa chini. Ufa huo ulikuwa juu ya sensa yenyewe, yaani kabla ya moshi kuifikia. Hapo madhara ni mawili: mashine inaona hewa, na sensa nayo inaiona, kwa hiyo kompyuta ya injini inaongeza petroli kuziba upungufu ambao haupo. Ukikuta CO na lambda zote zimepanda pamoja, tafuta tundu lililo kati ya injini na sensa.

Kuna pia ekzosi fupi mno. Bomba la ubavuni lenye mdomo mpana huruhusu hewa ya nje kurudi ndani mpaka kwenye ncha ya mrija wa mashine, hasa injini ikiwa imetulia. Chomeka bomba la kurefusha mdomo kwa muda wa kipimo, lishikwe bila kuvuja, na mrija uingie ndani ya kutosha.

CO IKO JUU, LAMBDA IKO CHINI

CO 1.9, lambda 0.95, oksijeni karibu na sifuri. Mafuta yamezidi kweli. Katalisti haiwezi kuchoma CO bila oksijeni, kwa hiyo kuinunua mpya kabla ya kurekebisha mafuta ni kutupa hela.

Swali la kwanza: kompyuta inaifuata sensa ya oksijeni au inafuata ramani tu? Injini iliyokuja na kompyuta yake ya kiwandani hufuata sensa yenyewe. Lakini wengi wetu huweka kompyuta za kununua, kama Emerald, Omex au MegaSquirt, na fundi anayeipanga ramani huzima ufuatiaji wa sensa ili afanye kazi yake, kisha husahau kuurudisha. Fungua programu, angalia. Sensa ya kawaida inatakiwa kupanda na kushuka kati ya karibu volti 0.1 na 0.9, mara moja au zaidi kwa sekunde injini ikiwa imechangamka. Ikiganda juu au chini, ama imekufa, ama imepoa, ama kompyuta haiisikilizi.

Imepoa? Ndiyo. Sensa inahitaji joto la karibu nyuzi 300 kufanya kazi. Kwenye gari la kujiundia kitako chake mara nyingi huwekwa mbali, baada ya kikusanyio, nje ya bodi penye upepo. Tumia sensa yenye hita na uhakikishe hita inapata umeme. Kwa sensa za Bosch za waya nne, nyeupe mbili ni za hita, nyeusi ni ya ishara, ya kijivu ni ethi (njia ya umeme kurudi) ya ishara.

Halafu joto la maji. Kompyuta ikidhani injini ni baridi, inamwaga petroli ya asubuhi mchana kutwa. Kwenye magari yetu hili hutokea kwa njia tatu ambazo gari la kiwandani halizijui: sensa ya injini moja imeunganishwa na kompyuta ya injini nyingine, sensa moja imefungwa waya mbili ili ihudumie kompyuta na geji ya dashibodi, na kila mmoja anaharibu usomaji wa mwenzake, au rejeta ni kubwa kuliko mahitaji ya gari la kilo 600 na maji hayafiki joto lake, hasa pale mtu alipoondoa themostati. Chomeka kompyuta ya mkononi uone kompyuta ya injini inasoma nyuzi ngapi. Kama injini inachemka na yenyewe inasoma 40, umeshapata.

Sasa niseme la ethi, maana hili ndilo linalonigusa zaidi. Gari la chuma lina ethi kila mahali. Bodi lote ni waya mmoja mkubwa. Faiba haipitishi umeme hata chembe. Anayehamisha nyaya za gari la kiwandani na kuzitandaza kwenye bodi la faiba anaacha ethi kadhaa zikining'inia hewani bila kujua, na umeme unajitafutia njia: kupitia kebo ya pedali, kupitia gia boksi, kupitia mpira wa injini wenye bolti iliyopakwa rangi. Mzee mmoja aliniletea gari akasema, "Mwanangu, nimebadili sensa ya oksijeni mara tatu, CO inashuka nikiwa nyumbani, nikifika kwenye kipimo inapanda." Niliwasha gari, nikaweka mrija, CO 0.15. Tukakaa. Feni ya rejeta ikawaka yenyewe, CO ikaanza kupanda: 0.4, 0.7, 1.1. Feni ikazima, ikashuka taratibu. Nikawasha taa kubwa, ikapanda tena.

Sensa yake ilikuwa ya waya tatu: mbili za hita, moja ya ishara, na ethi ya ishara inapita kwenye bomba la ekzosi na bloku. Kompyuta ilichukua ethi yake kwenye chesisi. Kati ya chesisi na bloku hakukuwa na mkanda wa ethi. Umeme wa feni na taa ulikuwa ukirudi kwa alteneta kwa taabu, na kila mzigo ulipoongezeka chesisi ilikaa juu ya bloku kwa karibu volti 0.3. Kwa betri hiyo si kitu. Kwa sensa ambayo maisha yake yote ni kati ya volti 0.1 na 0.9, ni uongo mkubwa: kompyuta iliona ishara ndogo, ikadhani petroli imepungua, ikaongeza. Mkanda mmoja mnene wa ethi kutoka bloku hadi chesisi, rangi ikiwa imekwanguliwa mpaka chuma kimeng'aa, na mwingine kutoka bloku hadi betri. Mzee alipita wiki hiyo hiyo.

Upime hivi: injini ikiwa inanguruma, feni na taa zimewashwa, mita iwe kwenye volti, ncha moja kwenye bloku na nyingine kwenye chesisi. Ikizidi volti 0.1, rekebisha ethi kabla ya kufikiria kitu kingine. Ni kipimo cha dakika moja, na ningependa kila anayeunda gari la faiba akifanye siku injini inapowaka mara ya kwanza.

Vyanzo vingine vya mafuta kuzidi nitavitaja haraka. Regyuleta ya petroli inayotoa shinikizo kubwa kuliko nozeli zinavyotaka. Nozeli kubwa mno zilizochaguliwa kwa ndoto ya turbo, ambazo hazijui kutoa matone madogo injini ikitulia. Na oili: gari jipya huzungushwa sana likipangwa ramani, petroli inapita kwenye ringi na kuchanganyika na oili, kisha inapanda kama mvuke kupitia bomba la pumzi na kurudi kwenye hewa ya injini. Nusa kijiti cha oili. Kikinukia petroli, badilisha oili na filta, urudie kipimo.

HC IKO JUU

HC ikipanda pamoja na CO, rudi sehemu iliyopita. HC ikipanda peke yake, CO ikiwa ndogo na oksijeni ikiwa kubwa, kuna silinda inayopiga misi. Petroli na hewa vinaingia, havishiki moto, vinatoka vilivyo. Misi ya silinda moja inatosha kupeleka HC zaidi ya elfu moja.

Chomoa waya za plagi, angalia koili, pima mgandamizo wa silinda. Lakini kwanza tafuta hewa inayovuja kwenye manifoldi ya kuingizia. Injini ya kuhamishwa ina matundu mengi yaliyobaki yatima: bomba la servo ya breki ambayo gari jipya halina, bomba la kufyonza mvuke wa tangi, bomba la geji fulani. Watu huyaziba kwa kofia za mpira, na joto huzipasua ndani ya mwaka. Badala ya mpira weka plagi ya chuma yenye nyuzi.

Kama injini ina kemshafti ya mbio, HC na oksijeni vitakuwa juu ikitulia hata kama kila kitu ni kizima, kwa sababu valvu za kuingiza na kutoa hubaki wazi pamoja kwa muda mrefu na mchanganyiko hupita moja kwa moja hadi ekzosi. Hapa kuna afueni ambayo wengi hawaijui: kwenye kipimo kisicho cha katalisti, gari likipita CO lakini likishindwa HC injini ikiwa imetulia, HC inapimwa tena kwenye mizunguko karibu 2000. Ikishuka chini ya 1200, gari limepita. Mkumbushe mkaguzi kwa heshima. Kwenye kipimo cha katalisti afueni hiyo haipo, na kemshafti kali itakugharimu.

KABURETA

Kwa injini za kabla ya katalisti zenye Weber 40 DCOE mbili au kabureta za pikipiki, tatizo huwa ni ulinganifu. Asilimia 3.5 ni nafasi kubwa. Kabureta zilizosawazishwa hukaa kati ya 2 na 3 bila shida. Zisizosawazishwa zinaweza kutoa wastani wa 3 huku silinda moja ikizama kwenye petroli na nyingine ikipiga misi. Sawazisha hewa kwanza kwa geji, ndipo uguse skrubu za mchanganyiko, zote kwa zamu, robo mzunguko kila mara.

Petroli ya kawaida Uingereza imekuwa E10 tangu Septemba 2021, yaani ina ethanoli hadi asilimia 10. Kompyuta yenye sensa hujirekebisha. Kabureta haijui, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa na hewa zaidi kidogo, na injini iliyopangwa miaka ya nyuma inaweza kuanza kupiga misi ikitulia. Ethanoli pia hula mipira ya zamani. Ukiona bomba la petroli limelainika au linatoa jasho, usiende kwenye kipimo, libadilishe. Bodi la faiba likishika moto halizimiki kirahisi.

LIMEPITA MZUNGUKO WA JUU, LIMEFELI LIKITULIA

Au lilikuwa safi ulipofika, likafeli baada ya kusubiri foleni nusu saa. Hii ni katalisti iliyopoa. Inaanza kufanya kazi kwenye nyuzi 250 hadi 300 na inapenda zaidi ya 400. Ile iliyofungwa ubavuni, mita moja na nusu kutoka kwenye injini, inapoa haraka. Funga mabomba yaliyo kati yake na injini kwa mkanda wa joto, na siku ya kipimo endesha barabara kuu dakika ishirini, ufike ukiwa na moto, usizime injini. Mpigie simu mkaguzi umwombe asikuweke kwenye foleni.

Kama lambda ni 1.00 kamili, injini ina moto, hakuna tundu, na CO bado inakaa 0.4, hapo ndipo unaruhusiwa kusema katalisti imechoka. Katalisti za bei ya chini zina madini machache ndani yake na haziishi. Iliyopitia misi ya muda mrefu hufa mapema, kwa sababu petroli mbichi huungua ndani yake na kuiyeyusha. Ikung'ute ukiwa umeitoa, ikilia kama njuga imevunjika. Tafuta misi iliyoiua kabla ya kufunga nyingine.

UMEPITA MOT LAKINI LONDON INAKUTOZA

Hilo si kosa la gari. ULEZ, eneo la London linalotoza magari yenye moshi mchafu, iliyopanuliwa mpaka mitaa yote ya London tarehe 29 Agosti 2023, haitumii mashine ya MOT. Inadai daraja la Euro 4, moja ya madaraja ya Ulaya ya usafi wa moshi, kwa gari la petroli, na inasoma rekodi. Gari la kujiundia mara nyingi halina daraja la Euro lililoandikwa popote, kwa hiyo mfumo unalihesabu kuwa halifai na kulitoza pauni 12.50 kwa siku, hata kama injini yake imetoka kwenye gari la Euro 4. Lichunguze kwa namba ya usajili kwenye tovuti ya Transport for London kabla ya kuingia mjini. Kama unaishi ndani ya eneo hilo, lichunguze suala hili kabla hujanunua injini, maana baada ya gari kusajiliwa kupata maandishi hayo ni kazi ngumu kuliko kuunda gari lenyewe.